Sura ya 6: Mali Bila Daftari

Jumatano ya tarehe 15 Oktoba 2014, mnamo saa 1 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, mafundi wengi wa tovuti wa Dar es Salaam na Nairobi walikuwa wameshazima kompyuta za ofisini, wengine wamesimama ndani ya daladala na matatu wakirudi makwao. Wakati huohuo kikosi cha usalama cha Drupal, mojawapo ya programu zinazotumika sana kujengea tovuti duniani, kilitoa tangazo fupi. Toleo la 7.32 limetoka. Matoleo yote ya 7 yaliyolitangulia yana tundu, na tundu hilo linamwezesha mtu yeyote, asiye na akaunti wala nenosiri, kuiamrisha hifadhidata ya tovuti atakavyo: asome, afute, ajiandikishe mwenyewe kuwa msimamizi.

Wiki mbili baadaye, tarehe 29 Oktoba, likaja tangazo la pili, na hilo ndilo lililowanyima watu usingizi. Kila tovuti ya Drupal 7 ambayo haikusasishwa ndani ya saa 7 tangu tangazo la kwanza, mwenyewe aihesabu kuwa imekwisha kuvamiwa mpaka athibitishe vinginevyo. Kwa saa zetu, muda huo ulianza saa 1 usiku ukaisha saa 8 usiku. Aliyekula chakula chake, akalala, akaamka alfajiri na kusasisha tovuti kwa bidii zote kabla ya kunywa chai, alikuwa amechelewa.

Ndani ya tangazo hilo kulikuwa na onyo ambalo sijalisahau. Ukiikuta tovuti yako imeshazibwa na si wewe uliyeiziba, hiyo yaweza kuwa dalili kwamba kuna mtu ndani. Baadhi ya wavamizi walikuwa wakishaingia wanaziba tundu nyuma yao, ili mwizi mwingine asipite palepale. Hebu fikiria fundi anayefungua tovuti asubuhi, akaona tundu limeshazibwa, akamshukuru mwenzake kwa kuwahi, na mwenzake hajagusa kitu.

Tundu lenyewe lilikuwa dogo ajabu. Liligunduliwa na mtafiti wa kampuni ya Kijerumani ya SektionEins, na kiraka chake kilikuwa badiliko la mstari mmoja wa msimbo. Mstari huo ulikaa ndani ya sehemu ya Drupal iliyojengwa makusudi ili kuzuia watu wasipenyeze amri zao kwenye hifadhidata, na ulikuwamo tangu Drupal 7 ilipotoka Januari 2011. Karibu miaka 4 mlango ulikuwa wazi katika ukuta uliojengwa kuwa ngome, na maelfu ya mafundi hodari walipita mbele yake bila kuuona. Ndiyo maana simlaumu mtu ambaye programu yake imekutwa na tundu. Tundu ni sehemu ya kazi hii. Ninachouliza ni kitu kingine: tangazo lilipotoka, ulijua tovuti zako ziko ngapi, na ziko wapi?

Mwenye tovuti moja hana shida na swali hilo. Anaingia, anachukua nakala rudufu, anasasisha, anakagua, anatoka. Dakika 15 zimetosha. Lakini mwenye tovuti 40 kwenye seva 6, nyingine alizijenga mwenyewe, nyingine alizirithi kwa fundi aliyehamia Arusha na namba yake haipatikani tena, huyo kazi yake ya kwanza ni kuhesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sura hii yote ni maelezo ya methali hiyo.

Neno fremuweki huwatisha wengi, kwa hiyo nianze na neno fremu, ambalo kila mkazi wa mjini analijua. Ukitaka kufungua duka Kariakoo au Sinza hujengi nyumba, unapanga fremu. Kuta zipo, sakafu ipo, mlango na kufuli vipo. Wewe unaleta makabati, bidhaa na jina la duka. Fremuweki ya tovuti ni hivyohivyo. Laravel, Django, Rails, Struts, na hata Drupal na WordPress kwa namna yake, zinakupa kuta na milango iliyokwisha kujengwa: namna ya kumtambua mtumiaji, ya kusoma hifadhidata, ya kupokea faili. Wewe unaandika kinachoitofautisha biashara yako na ya jirani.

Sasa fikiria kwamba fremu zote za mji, kuanzia Kariakoo hadi Tegeta, zimefungwa kufuli la aina moja. Siku moja mtengenezaji wa kufuli anagundua kwamba likigongwa mahali fulani linafunguka. Hana budi kutangaza, maana asipotangaza wenye maduka hawatabadilisha. Lakini tangazo linasikiwa na wenye maduka na wezi kwa wakati mmoja, na kwenye mtandao mwizi hahitaji hata kutembea. Anaandika programu ndogo inayogonga kila mlango duniani, usiku kucha, bila kuchoka. Anachukua toleo la zamani na toleo jipya, anayalinganisha, na tofauti anayoiona ndiyo ramani ya tundu. Kiraka chenyewe kinamwonyesha pa kugonga.

Mwaka 2018 Drupal ilikutwa na tundu jingine kubwa la namna hiyo, na hapo unaona jinsi walivyojifunza. Tarehe 21 Machi walitangaza kwamba wiki ijayo, tarehe 28, kutatoka sasisho zito, kila mtu ajiweke tayari, bila kusema tundu liko wapi. Walitaja hata saa. Baada ya kiraka kutoka zilipita kama wiki mbili kabla msimbo wa kushambulia haujaanikwa hadharani, tarehe 12 Aprili. Nadhani huo ni uungwana mkubwa kwa mafundi. Hata hivyo siku hizo 7 za maandalizi zilimfaa yule tu aliyejua anaandaa nini.

Nieleze yaliyonikuta mimi. Kuna wakati nilikuwa natunza tovuti ishirini na kitu za wateja mbalimbali, kwenye seva 4. Nilikuwa na orodha, na niliiamini. Siku moja mchana simu ikaita. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ambayo wazazi wake walikuwa wakiangalia taarifa za ada kwenye tovuti niliyoijenga.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wazazi wananiambia tovuti yetu inauza dawa."

Nikafikiri hatujasikilizana. Nikafungua tovuti kwenye simu yangu, nikaiona iko salama, nembo ya shule na picha ya bweni jipya. Nikamwambia mbona iko sawa. Akaniambia kwa upole kabisa, "Usiingie moja kwa moja. Tafuta jina la shule kwenye Google." Nikatafuta. Chini ya jina la shule kulikuwa na mistari mirefu ya lugha ya kigeni ikitangaza vidonge vya wanaume. Aliyevamia alikuwa ameweka kurasa ambazo zinaonekana tu kwa wanaotoka kwenye Google.

Tovuti ya shule ilikuwa imesasishwa wiki iliyotangulia, nilikuwa na uhakika, na kweli ilikuwa hivyo. Ilinichukua siku mbili kugundua mvamizi alikopitia. Kwenye seva hiyohiyo, ndani ya folda yenye jina la mwaka, kulikuwa na tovuti ndogo ya mkutano wa mteja mwingine. Niliijenga kwa siku 3, mkutano ukafanyika siku 2, watu wakapiga picha, wakaondoka. Tovuti ikabaki. Hakuna aliyeilipia, hakuna aliyeifungua, wala haikuwemo kwenye orodha yangu kwa sababu orodha niliitengeneza kutokana na ankara. Kisicho na ankara hakikuwepo machoni pangu. Kwenye seva kilikuwepo, kikiwa na programu ya miaka mitatu nyuma, na haki za mafaili nilizozilegeza siku ya haraka ili picha ziweze kupakiwa.

Mwalimu hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu, kama majina ya watoto yamechukuliwa, na sikuweza kumjibu kwa uhakika. Jibu hilo la "sijui" bado linaniuma.

Kampuni kubwa yenye fedha zote za kuajiri mafundi ilianguka kwenye shimo hilohilo, na habari zake zimeandikwa kwa kina na kamati za Bunge la Marekani, kwa hiyo tunaweza kuzifuata siku kwa siku. Equifax ya Atlanta hutunza taarifa za mikopo ya Wamarekani: nani anadaiwa, nani analipa kwa wakati, namba yake ya hifadhi ya jamii, tarehe yake ya kuzaliwa. Tarehe 7 Machi 2017 waangalizi wa Apache Struts, fremuweki inayotumia lugha ya Java, walitangaza tundu na kiraka chake. Tundu lilikuwa kwenye sehemu inayopokea mafaili kutoka kwa mtumiaji. Mtu alituma ombi, na mahali pa kuandika aina ya faili akaandika amri. Struts, badala ya kukataa, ikaitekeleza.

Siku iliyofuata kitengo cha serikali ya Marekani kinachoshughulikia usalama wa mitandao kiliionya Equifax. Tarehe 9 Machi baruapepe ilisambazwa ndani ya kampuni: yeyote mwenye Struts aizibe ndani ya saa 48. Mpaka hapo kila mtu amefanya kazi yake. Lakini orodha ya waliotumiwa baruapepe hiyo ilikuwa imepitwa na wakati, na waliopaswa kuziba hawakuipata. Tarehe 15 Machi wakapitisha programu ya ukaguzi kutafuta Struts kwenye mifumo yao. Ukaguzi ukasema hakuna kitu. Ulitafuta kwenye folda ya juu, na Struts ilikuwa kwenye folda ya ndani.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliikumbuka ile folda yangu yenye jina la mwaka.

Mfumo uliobeba Struts hiyo ulikuwa wa kupokea malalamiko ya wananchi wanaopinga taarifa zao za mikopo, na watu walipakia humo nyaraka za ushahidi. Mizizi yake ilikuwa ya miaka ya 1970, umeongezewa vyumba juu ya vyumba, na waliouelewa wote walikuwa wachache. Kuanzia tarehe 13 Mei wavamizi walikuwa ndani wakichota. Walikaa siku 76. Walikuta majina ya watumiaji na manenosiri yamehifadhiwa bila kufichwa, wakayatumia kupita kwenye hifadhidata nyingine nyingi ambazo hazikuhusiana kabisa na malalamiko, na kutuma maombi yapatayo 9,000. Kampuni ilikuwa na chombo cha kuchungulia data inayotoka nje, ila cheti cha usalama cha chombo hicho kilikuwa kimeisha muda. Kamati ya Bunge ilisema kilikuwa kimekaa miezi 19 bila kuhuishwa. Chombo kilikuwa macho lakini hakioni. Tarehe 29 Julai mtu akaweka cheti kipya, na mara tu baada ya hapo wakaona data inatoka. Watu wapatao milioni 147 walikuwa wameguswa. Mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa angalau dola milioni 575.

Richard Smith, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wakati wa uvamizi huo, alipohojiwa na Bunge mwezi Oktoba 2017, alieleza kwamba kuna mtu mmoja katika idara ya teknolojia ambaye hakufikisha taarifa ya kuziba tundu. Maelezo hayo siyakubali. Taarifa za watu milioni 147 zikitegemea mtu mmoja akumbuke kupeleka baruapepe moja, basi kosa lilifanyika miaka kabla ya baruapepe hiyo kuandikwa. Kikosi cha watu hodari kilikosa kitu ambacho karani wa duka la jumla anacho: daftari la mali lenye jina la kitu, mahali kilipo na mwenye dhamana nacho.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, tukianza na namba. Fremuweki nyingi huandika matoleo kwa namba tatu zilizotenganishwa kwa nukta. Ya mwisho ikipanda, maana yake wameziba matundu na kurekebisha hitilafu. Msimbo wako hautakiwi kuvunjika. Ya katikati ikipanda, wameongeza vitu vipya. Ya kwanza ikipanda, wameondoa vitu vya zamani, nawe kaa chini usome mwongozo kabla ya kugusa chochote. Hii ni ahadi ya watengenezaji, na kama ahadi zote huvunjwa mara mojamoja; lakini inakusaidia kupanga siku. Namba ya mwisho naisasisha siku hiyohiyo. Ya katikati naipa wiki. Ya kwanza naiandikia mpango na namwambia mteja gharama zake mapema.

Jambo la pili linawaponza vijana wengi ninaofanya nao kazi. Kwa anayetumia PHP, programu ya Composer huweka mafaili mawili. Moja, composer.json, ni kama orodha ya sokoni: nipatie Laravel ya 10, yoyote iliyo mpya. La pili, composer.lock, ni risiti: hiki hasa ndicho ulichonunua, toleo hili, mpaka namba ya mwisho. Amri ya composer update inachukua orodha na kwenda sokoni upya. Amri ya composer install inasoma risiti na kuleta vilevile vilivyoandikwa. Fundi mwenye seva 3 akienda kwenye kila moja na kuandika composer update, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, atakuwa na seva 3 zenye bidhaa tofauti, na tovuti itakuwa inavunjika kwa mtu mmoja kati ya watatu bila mtu kuelewa kwa nini. Uende sokoni mara moja, kwenye kompyuta ya majaribio. Ukaridhike na ulichonunua. Halafu risiti ndiyo isambae kwenye seva zote.

Ukisambaza, usiiache hata moja nyuma. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012 Marekani ilishuhudia gharama ya kuacha moja. Kampuni ya Knight Capital, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilikuwa na seva 8 za kupeleka oda sokoni. Siku zilizotangulia fundi aliweka msimbo mpya kwenye seva 7. Ya nane ilisahaulika, na hapakuwa na mtu wa pili aliyepangwa kukagua. Seva hiyo ya nane ilibaki na msimbo wa zamani ambao haukuwa ukitumika tangu 2003, na kwa bahati mbaya msimbo mpya ulitumia swichi ileile iliyokuwa ikiuwasha ule wa zamani. Soko lilipofunguliwa, swichi ikawashwa, na seva ya nane ikaanza kununua na kuuza bila kikomo. Kabla hata ya soko kufunguliwa mfumo ulikuwa umewatumia wafanyakazi baruapepe 97 zenye dalili za tatizo, na hakuna aliyezifanyia kazi.

Kilichofuata ndicho kinachonisikitisha zaidi, maana ningeweza kukifanya mimi. Katika kuhangaika, mafundi waliuondoa msimbo mpya kwenye zile seva 7 wakidhani ndio mbaya. Sasa seva zote 8 zikawa na msimbo wa zamani. Ndani ya kama dakika 45 kampuni ilikuwa imepoteza zaidi ya dola milioni 460. Haikupona, ilimezwa na kampuni nyingine. Hiyo haikuwa tovuti, lakini fundi wa tovuti mwenye seva 8 anasimama palepale. Asipoweza kuuliza seva zote kwa mara moja, "mna toleo gani?", na kupata majibu 8 yanayofanana, hajui alichokifanya.

Ndiyo maana nasasisha seva moja kwanza. Naitoa kwenye zamu, yaani ile mashine ya mbele inayopokea wageni na kuwagawa haiipelekei mtu. Nasasisha, nafungua tovuti kwa anwani ya ndani, naingia kama mtumiaji wa kawaida, natafuta, napakia faili, natoka. Nairudisha kwenye zamu na kuiangalia kwa nusu saa, jicho kwenye kitabu cha makosa. Ikitulia, naenda ya pili. Kazi hii inachosha na haina sifa, lakini mteja anaamka asubuhi akikuta duka liko wazi.

Ugumu unaingia kwenye hifadhidata, kwa sababu seva zinaweza kuwa nyingi lakini mara nyingi hifadhidata ni moja. Tuseme kwenye mfumo wa ada toleo la zamani linaandika namba ya mzazi kwenye safu iitwayo simu, na toleo jipya linataka safu mbili, simu_baba na simu_mama. Ukiifuta safu ya simu pale unaposasisha seva ya kwanza, seva zilizobaki zinaanguka papo hapo, zinatafuta safu ambayo haipo. Kwa hiyo unakwenda kwa hatua. Leo unaongeza safu mbili mpya, na ya zamani unaiacha. Msimbo mpya unaandika kote, kwenye safu mpya na ya zamani pia, na unajua kusoma rekodi ambayo safu zake mpya bado ni tupu. Seva zote zikishafika huko, unahamisha namba za zamani kuzileta kwenye safu mpya. Kisha unasambaza msimbo usiogusa tena safu ya simu, na wiki moja ikipita bila seva yoyote kuisoma wala kuiandikia, ndipo unaifuta. Hatua zinaonekana nyingi kwa kitu kidogo, lakini zina faida moja kubwa: siku yoyote katikati, ukiona mambo yanakwenda kombo, unaweza kurudi nyuma bila kupoteza namba ya mzazi hata mmoja.

Na kurudi nyuma kunahitaji nakala rudufu iliyojaribiwa. Nakala ambayo hujawahi kuirejesha ni matumaini tu. Mara moja kwa mwezi chukua nakala ya tovuti moja, irejeshe kwenye seva ya majaribio, ifungue uione.

Watu huniuliza kwa nini nisiache programu zijisasishe zenyewe. Kwa tovuti nyingi ndogo nawaambia waache, tena bila kusita. WordPress ilianza kujisasisha yenyewe kwa matoleo madogo mwaka 2013, na naamini utaratibu huo umeokoa tovuti nyingi kuliko mafundi wote tunaojisifu. Lakini usidhani umeajiri mlinzi asiyelala. Tarehe 5 Februari 2018 lilitoka toleo la 4.9.3, likiwa na hitilafu iliyouua utaratibu wenyewe wa kujisasisha. Siku ya pili yake likatoka 4.9.4 la kurekebisha, ila tovuti zilizokwisha kulipokea lile la kwanza hazikuweza tena kulichukua zenyewe. Ilibidi mtu aingie abonyeze kwa mkono. Mwenye daftari alizipitia moja moja siku hiyo. Asiyekuwa nalo alikaa akiamini mashine inafanya kazi, na mashine ilikuwa imekufa kimya.

Kuna na uzee. Kila toleo lina siku yake ya kustaafu, na baada ya siku hiyo tundu likigunduliwa hakuna kiraka kitakachokuja. Laravel hutoa viraka vya usalama kwa miaka 2 tangu toleo kutoka. Django ina matoleo maalumu yanayotunzwa kwa miaka kama 3, la 4.2 lilitoka Aprili 2023, muda wake wa kutunzwa ukiwekwa hadi Aprili 2026. Drupal 7 ile tuliyoanza nayo ilitunzwa hadi tarehe 5 Januari 2025, miaka 14 kamili. Ukiniuliza kosa la kawaida la taasisi zetu, nitakuambia ni hili: tunanunua tovuti kama tunavyonunua meza. Imelipiwa, imezinduliwa, kiongozi amekata utepe, basi. Bajeti ya mwaka unaofuata haina hata shilingi ya matunzo, na fundi aliyeijenga ameshakwenda kwenye kazi nyingine. Wakati huo ndani yake mna majina, namba za simu na hata vipimo vya hospitali vya watu wasiojua kwamba vimo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake tangu 2019; mwenye kukusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda. Kusema kwamba fundi alihama hakutamwondolea mtu wajibu huo.

Daftari langu la sasa ni jedwali la kawaida tu. Kila tovuti ina mstari wake: jina, seva na folda ilipo, fremuweki na toleo lake mpaka namba ya mwisho, toleo la PHP au Python, siku ya kustaafu ya toleo hilo, tarehe niliyoisasisha mwisho, cheti cha usalama kinaisha lini, nakala rudufu ilijaribiwa lini, na jina la mtu, si la idara, mwenye dhamana, pamoja na namba yake ya simu. Orodha siitengenezi tena kutokana na ankara. Nina programu fupi inayopita kwenye kila seva kila usiku, inaingia kwenye kila folda mpaka ya chini kabisa, na kuniandikia kila fremuweki inayoikuta. Asubuhi nalinganisha ilichokikuta na nilichokiandika. Mara 3 imenikutia kitu ambacho sikujua kipo. Kimoja kilikuwa nakala ya majaribio niliyoiweka mwenyewe na kuisahau. Tovuti ambayo mwenyewe haihitaji tena naichukulia nakala, naifuta, na kuandika tarehe niliyoifuta.

Kabla hujafungua sura ya 7, chukua karatasi uandike tovuti zote ulizowahi kuziweka hewani, hata ile ya mkutano, hata ile ya majaribio, hata ile ya rafiki uliyoifanya bure. Mbele ya kila moja andika seva, toleo, na jina la mtu anayeijibia leo. Mstari utakaoshindwa kuujaza, anzia huo.